Mwani wa Sebuleni

Mwani ulianzia upande wa kitanda. Fundi wa mafriji aliuona asubuhi moja akiwa na mswaki mdomoni: utando wa kijani juu ya jiwe la pembeni, mwembamba kama ndevu za kijana anayebalehe. Akaingiza mkono majini, akaukwangua kwa kucha, ukatoka, akaenda zake kazini akidhani yamekwisha. Angejiuliza siku ile kwa nini umeota upande wa kitanda na si kwingine, mambo yangekwenda vingine. Lakini akili ya baada ya jambo kila mtu anayo, tena bure.

Tangi lenyewe lilikaa sebuleni, refu kama kochi la watu wawili, limejaa maji ya chumvi, mawe, na matumbawe ya zambarau na ya kijani yaliyofunguka taa ikiwaka na kujikunja ikizimwa. Lilikuwa mali ya mkewe. Fundi alilipata tupu kwenye duka la samaki wa mapambo alikokuwa akitengeneza majokofu, akalileta nyumbani ili atie humo mabomba na vipuri vyake. Mkewe akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Kioo chote hiki kikae na vyuma chakavu? Hata Mungu hapendi."

Basi likawa bahari. Bahari ya kweli ilikuwa mbali na mji wao, safari ya kulala njiani, na mwanamke yule alikuwa hajawahi kuitia machoni. Hii ya sebuleni ilimtosha. Alijifunza kukoroga chumvi, kupima maji kwa matone ya dawa, kubadilisha maji kila wiki. Mumewe akang'oa kompresa kwenye friji bovu, akaunda mtambo wa kupooza tangi, maana matumbawe hayapendi joto. Wakanunua samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, mke akawaita Bwana Harusi na Bibi Harusi. Bibi Harusi alikuwa karibu mara mbili ya mumewe kwa ukubwa, na kazi yake ilikuwa kumfukuza huku na huku siku nzima.

"Unaona, Fundi?" mke alikuwa akisema, hasa wageni wakiwepo. "Hata samaki wanajua nani mwenye nyumba."

Fundi. Hivyo ndivyo alivyomwita tangu uchumba, na yeye hakutaka jina jingine.

Kisha ugonjwa ukamkaba mkewe kooni. Si koo la kupumulia, ni lile la kupitishia chakula. Kulikuwa na uvimbe humo, na uvimbe wenyewe ulikuwa ule ambao watu hawapendi kuutaja. Awamu ya kwanza ya matibabu iliupunguza. Awamu ya pili, daktari alisema, haiwezi kuanza mpaka mgonjwa apate nguvu.

"Ale," daktari akasema. "Vitu laini, kidogo kidogo, lakini ale. Uzito ukipanda tunaanza. Ukizidi kushuka, mwili hautahimili dawa, nami sitathubutu. Sasa hivi dawa yake ni kijiko."

Wakarudi nyumbani na neno hilo, kijiko, kama watu waliokabidhiwa ufunguo.

Fundi akahamishia kitanda sebuleni, akakisogeza hadi ubavuni mwa tangi. Akachukua msumeno akaifupisha miguu ya meza iliyobeba tangi, mpaka maji yakawa usawa wa mto wa kulalia, ili mkewe akigeuza shingo tu awe ana kwa ana na maharusi wake. Juu ya tangi palikuwa na wavu wa kuzuia samaki wasiruke nje. Akaukata pembeni, upande wa kitanda, akaweka kidirisha chenye kifuniko, kinachotosha kupitisha mkono.

"Kazi yako hii," akamwambia. "Kuwalisha. Mimi sina muda, na wao hawanipendi."

Kila asubuhi alimwekea chakula cha samaki kwenye kizibo cha chupa, kizibo kimoja, basi. Mkewe alikipokea kwa mkono uliokonda, akafungua kidirisha, akanyunyiza. Fundi alijiona mtu mwerevu. Mgonjwa anahitaji kazi, alikuwa akiwaambia wateja wake huku akijaza gesi kwenye mafriji yao, usimfanye mzigo. Na kweli alikuwa mwerevu, ndilo baya lake.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, akafunga cherehani chake akaja kuuguza. Alikuja na begi moja la nguo na blenda ya zamani iliyokuwa ikinguruma kama pikipiki mbovu. Alikuwa mwanamke wa maneno, mwenye utani wa kumwamsha maiti, na alimpenda dada yake kuliko alivyojipenda. Alfajiri yuko sokoni anachagua karoti kana kwamba anachagua mchumba. Anachemsha, anasaga, anachuja, anaonja, anaongeza chumvi, anatoa chumvi.

"Sitaki," dada yake alikuwa akisema kwa ile sauti yake mpya, iliyobaki mkwaruzo mtupu.

"Mgonjwa haulizwi uji, dada. Fungua mdomo."

Vijiko vitatu, vinne, kisha mkono unasukuma bakuli. Shemeji alilirudisha jikoni, akafunga mlango, akalia ndani ya kitambaa cha vyombo. Aliamini hasikiki. Nyumba ilikuwa ndogo. Mpaka samaki walisikia. Fundi naye alitoka uani kujishughulisha na baiskeli isiyokuwa na ubovu wowote.

Halafu siku moja mgonjwa akatoa sharti. Atakula mwenyewe, kwa mkono wake, na asiwepo mtu wa kumkodolea macho.

"Chakula kinanitoka mdomoni kama mtoto, nanyi mmenizunguka. Nitazameni nikivaa vizuri, si nikila. Tokeni."

Wakatoka. Wakangoja jikoni kimya kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Alipowaita, bakuli lilikuwa tupu. Tupu kabisa, kijiko kimelala ndani yake. Shemeji alipiga kigelegele kilichowatoa majirani madirishani. Akaanza kupiga makofi, Fundi akapiga makofi, wote wawili wamesimama mbele ya kitanda kama wako harusini, wanacheka na machozi yanawatoka. Mgonjwa akawatazama mmoja baada ya mwingine. Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la kwanza tangu uvimbe upewe jina.

Tangu siku ile bakuli likawa linarudi tupu. Na ni wiki ile ile Fundi alipouona ule utando wa kijani akiwa na mswaki mdomoni.

Mwani hauna aibu. Ukiukwangua leo, kesho umerudi na ndugu zake. Utando ukawa manyoya, manyoya yakawa nywele, nywele zikawa ndefu za kufunga mafundo, zikapanda mawe, zikavuka mchanga, zikafika kwenye matumbawe. Fundi akapima maji kwa yale matone. Rangi iliyotakiwa kubaki nyeupe iligeuka buluu iliyokolea. Maji yalikuwa yamejaa rutuba kama shamba lililomwagiwa samadi. Akabadilisha maji mara mbili kwa wiki. Akapunguza saa za taa. Akanunua konokono wa kula mwani. Wakala, wakashiba, wakafa, mwani ukawafunika magamba. Akaanza kung'oa nywele kwa mkono, akizisokota kwenye mswaki wa zamani, ndoo baada ya ndoo, mikono ikinuka pwani iliyooza hata akiwa kazini.

Juu ya maji kukatokea kitu cha ajabu zaidi: mafuta. Utando mwembamba unaometameta. Na ile mashine ya povu, ambayo kazi yake ni kuvuta uchafu majini na kuukusanya kwenye kikombe, ikawa inajaza kikombe kila siku, uji mzito wa kahawia. Fundi akajua mchawi ni nani. Ni kompresa yake. Inavuja mafuta. Mganga hajigangi, akajisemea, mafriji ya mji mzima nimeyaponya, langu linaniua. Akaufungua mtambo wote sakafuni, akakagua kila kiungio kwa povu la sabuni, akaufunga. Haukuvuja hata tone. Akaufungua tena.

Ukweli ni kwamba alifurahi kuwa na adui. Uvimbe wa mkewe hakuweza kuufungua kwa spana. Mwani aliweza kuushika, kuunyonga, kuutukana. Alikuwa akitoka kazini, anamsabahi mkewe, anamwinamia na kumbusu paji la uso, halafu macho yake yanapita juu ya kichwa cha mkewe kwenda kwenye tangi. Alijua rutuba ya maji ilipanda lini na kushuka lini. Mabega ya mkewe yalivyokuwa yakichongoka chini ya kanga, hayo aliyaona kama mtu anavyoona saa ya ukutani iliyosimama, unaizoea.

Hospitali mzani ulishuka. Ukashuka tena.

"Anakula?" daktari akauliza.

"Anamaliza bakuli, daktari. Asubuhi, mchana na jioni."

"Anamaliza?"

"Tunampigia makofi."

Daktari akamtazama mgonjwa, mgonjwa akatazama viatu vyake. "Basi ugonjwa unakula kuliko yeye," daktari akasema taratibu, akaongeza dawa ya maumivu. "Tusubiri. Aendelee hivyo hivyo."

Mwenye duka la samaki akampa Fundi dawa ya mwisho ya wafugaji wa matumbawe: giza. Funika tangi kwa blanketi siku tatu, pasipenye hata mwale, mwani utakufa kwa kukosa mwanga. Fundi akafunika. Blanketi zito likaziba kioo, wavu, kidirisha, kila kitu. Samaki wangestahimili njaa ya siku tatu bila shida.

Mkewe hakustahimili. Mchana wa kwanza bakuli lilirudi limejaa. Jioni limejaa. Siku ya pili shemeji alilia bila kufunga mlango wa jikoni.

"Ni hili blanketi, shemeji!" akamfokea Fundi. "Dada anakula kwa sababu ya samaki wake. Wewe umemfunikia, atakula akitazama nini? Blanketi? Toa hicho kitu!"

Fundi aliona shemeji anasema kweli. Akaling'oa blanketi kabla ya muda. Mwani ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu, na maji, alipoyapima, yalikuwa na nafuu. Jioni ile ile bakuli likarudi tupu. Shemeji akapiga makofi, akamkumbatia Fundi kwa furaha, na wote wawili wakakubaliana kwamba maharusi wale wana baraka. Mwani ukarudi wiki iliyofuata kwa hasira. Fundi akasema liwalo na liwe, heri nyumba ijae mwani kuliko bakuli kurudi limejaa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Watu husema hivyo kila siku na hakuna anayekagua nguo.

Tumbawe la zambarau likaacha kufunguka. Ndilo alilolipenda mkewe kuliko yote. Alilinunua likiwa na ukubwa wa kifungo cha shati. Sasa lilikuwa limefunikwa nywele, na mahali nywele hazikufika palikuwa peupe, mfupa mtupu. Fundi akampigia simu mwenye duka, sauti ikimtetemeka kwa jambo ambalo, kwa kweli, halikuwa tumbawe.

"Fundi, nisikilize," mwenye duka akasema. "Mwani hauli hewa. Kuna mtu anaulisha."

"Nani? Chakula ni kizibo kimoja kwa siku. Napima mwenyewe."

"Basi kuna kitu kimekufa humo. Samaki hajapotea?"

"Wote wapo. Tena wamenenepa kama viriba."

"Inua mawe. Kitu kimeoza chini ya jiwe, nakuambia. Anzia pale mwani ulipoanzia."

Ilikuwa Jumapili mchana. Shemeji alikuwa sokoni. Mgonjwa amelala, uso kwenye kioo kama kawaida yake. Fundi alikunja mikono ya shati, akaondoa wavu, akaingiza mikono miwili chini ya jiwe la pembeni, lile la upande wa kitanda, akaliinua.

Harufu ya mayai viza ikajaa sebule. Chini ya jiwe mchanga ulikuwa mweusi, na juu ya mchanga kulikuwa na tope la rangi ya chungwa, laini, lililojikusanya unene wa kiganja. Fundi akachota. Tope likamtoka vidoleni, na katikati ya kiganja kikabaki kitu kimoja kidogo, cha mviringo, cha kijani. Akakisogeza kwenye mwanga wa taa. Kilikuwa na ganda. Akakibonyeza kwa kidole gumba, ganda likamenyeka.

Ilikuwa njegere.

Alisimama pale maji yakimchuruzika hadi viwiko. Wazo la kwanza lilikuwa la kijinga, kwamba njegere haioti baharini. La pili lilikuwa supu ya jana: shemeji alikuwa amejisifu kwamba amepata njegere mbichi. La tatu halikuja kama wazo. Akajikuta amekaa kwenye ukingo wa kitanda.

Mkewe alikuwa macho. Alikuwa akimtazama muda wote.

"Umeipata," akasema.

"Hii ni nini?"

"Supu ya jana. Mdogo wangu hasagi vizuri. Nilimwambia ile blenda imechoka."

"Unamwaga?" Sauti ya Fundi ilipanda. "Unamwaga chakula humu? Mimi nimefungua kompresa mara mbili! Nimeua konokono, nimenunua dawa, nimelala na mswaki mkononi, tumbawe lako limekufa, na wewe unamwaga..." Alikuwa akipiga kelele juu ya konokono. Alijisikia akipiga kelele juu ya konokono, na hakuweza kuacha, kwa sababu akiacha itabidi aseme lile jingine.

Mkewe akamngoja amalize.

"Tangu lini?" Fundi akauliza mwishowe, kwa upole.

"Tangu mliponipigia makofi."

Fundi akafumba macho. Akaliona bakuli lile la kwanza, kijiko kimelala ndani yake, na yeye anacheka kama zuzu.

"Siku ile nilitaka kuwaambia," mkewe akasema. Aliongea kwa vipande, akipumzika katikati. "Hakipiti, Fundi. Kikifika hapa kinakwama kama lori kwenye tope, kinarudi, kinachoma. Nilimwaga mara moja tu, nipumzike. Nikasema nitawaambia. Mkaingia. Mkapiga makofi. Hujui mlivyokuwa mnapendeza."

"Ungesema. Ungeniambia mimi peke yangu."

"Likirudi limejaa, yule analia jikoni, wewe unakwenda kwenye baiskeli. Likirudi tupu mnacheka, nyumba nzima inacheka. Mimi hapa kitandani nina nini tena cha kuwapa? Nilikuwa na bakuli tu."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mwanamke yule hakuficha maradhi, maradhi yalijulikana mji mzima. Alichoficha ni njaa, na hiyo wahenga hawakuisemea kitu. Fundi alimshika mkono, njegere ikiwa bado katikati ya viganja vyao, akalia kama hajawahi kulia mbele yake, kwa sauti, bila kujifuta.

Jumatatu wakaenda hospitali. Safari hii alisema kweli. Daktari alimsikiliza, akavua miwani, akakaa nayo mkononi.

"Ungeniambia kuwa hakipiti, ningemwekea mpira wa kupitishia chakula tumboni. Si jambo kubwa. Miezi ile alikuwa na mwili wa kuhimili. Mimi niliona mzani unashuka, nikauliza anakula, mkaniambia anamaliza. Nikajua ni ugonjwa umeshinda dawa."

"Na sasa? Uweke huo mpira sasa."

"Sasa nikimlaza mezani hataamka."

Fundi alitaka kumwambia daktari kwamba alipima. Kila siku alipima. Angeweza kumtajia rutuba ya maji ya wiki yoyote. Badala yake akapokea dawa ya maumivu dirishani, akamsukuma mkewe kwenye kiti cha magurudumu hadi nje, kwenye jua.

"Mdogo wangu asijue," mkewe akasema. "Naomba. Anachagua karoti moja moja. Akijua zilikuwa zinakwenda wapi, atakufa kabla yangu."

"Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Mpigie makofi yeye."

Hivyo Fundi akatangaza nyumbani kwamba kuanzia leo atamlisha mkewe yeye mwenyewe, kila mlo. Shemeji akamtania kwamba mapenzi yamemrudia uzeeni. Alifunga mlango wa sebule, akamlowesha mkewe midomo kwa kitambaa, akampa maji kwa matone alipoweza. Kisha akapita na bakuli mlango wa pili hadi msalani, akamwaga supu ya karoti zilizochaguliwa moja moja, akavuta maji. Akarudi na bakuli tupu jikoni.

"Amemaliza?"

"Amemaliza."

Na shemeji anapiga makofi. Asubuhi, mchana na jioni. Kila kofi lilimwingia Fundi, akatamani heri angepigwa usoni.

Maji yakaanza kupona. Hakufanya lolote zaidi ya kusafisha chini ya lile jiwe, lakini mwani ulikuwa umekatiwa riziki. Nywele zikapauka, zikalegea, zikawa zinang'oka zenyewe na kuelea hadi kwenye mashine ya povu. Mafuta yakatoweka. Matone ya kupimia yakabaki meupe. Mawe yakaonekana, kisha mchanga, na kwenye ule mfupa wa tumbawe la zambarau pakabaki kiraka kimoja kilichokuwa hai chini ya nywele muda wote. Kikafunguka. Kilikuwa na ukubwa wa kifungo cha shati.

Mkewe ndiye aliyekiona kwanza. Alikionyesha kwa kidole juu ya kioo, kwa kuwa sauti ilikuwa imekwisha. Kisha akampigia mumewe makofi; mikono miwili isiyo na nyama, haikutoa sauti. Fundi alitamani avunje tangi.

Alikufa mchana, taa ya samaki ikiwaka, shemeji yuko jikoni anasaga. Kelele ya blenda ilikuwa kubwa, na Fundi hakumwita mpaka iliponyamaza yenyewe.

Waliokuja kuzika walijaa sebuleni, na kwa kuwa watu msibani hawajui wapi pa kuweka macho, wote waliyaweka kwenye tangi. Lilikuwa halijawahi kupendeza vile. Maji kama hayapo. Hata chembe ya mwani. "Marehemu aliacha bahari," mmoja akasema. "Na mume amemtunzia," mwingine akajibu. Mwenye duka la samaki akamshika Fundi bega, akamnong'oneza kwamba katika miaka yake yote ya biashara hajaona mtu aliyeshinda mwani wa namna ile. Fundi akashukuru. Angefanya nini?

Watu walipotawanyika shemeji alibaki. Alisema anabaki kufua mashuka, lakini mashuka yalikwisha naye hakuondoka, kwa sababu Fundi alikuwa hali. Sahani zilirudi jikoni kama zilivyotoka. Chai ilipoa ikafunga utando. Jioni fulani Fundi akasikia tena ule mlango wa jikoni unafungwa, na nyuma yake kilio ndani ya kitambaa cha vyombo.

Kesho yake mchana shemeji akaja na bakuli. Macho yamevimba, lakini amevaa utani wake kama mtu anavyovaa viatu vyenye unyevu kwa kuwa hana vingine.

"Shemeji, mgonjwa haulizwi uji, na mfiwa vilevile. Nimekusagia. Ile ile ya dada, maana ndiyo aliyoipenda, alikuwa haachi hata tone." Akaliweka kwenye kigoda, katikati ya kitanda na tangi. "Sikukodolei macho. Nakwenda jikoni. Kula kwa nafasi yako."

Fundi alikaa kwenye godoro lisilo na shuka. Akachota kijiko, akakitia mdomoni, kwa ajili ya shemeji. Supu ilikuwa nzuri. Ilifika kooni ikasimama. Hakuwa na uvimbe wowote, koo lake lilikuwa zima, lakini ilisimama pale pale, na akaitema kwenye kiganja.

Jikoni kulikuwa kimya. Alijua ukimya ule. Aliwahi kusimama ndani yake, pembeni ya sinki, akisubiri kuitwa.

Bibi Harusi akapanda juu, akaja hadi chini ya kidirisha, akafungua na kufunga mdomo. Bwana Harusi nyuma yake. Walizoea saa hii na upande huu. Fundi akakitazama kiraka cha zambarau, kilichofunguka, kizima. Akanyoosha mkono, akainua kifuniko, akainamisha bakuli taratibu ili lisitoe sauti. Wingu la rangi ya chungwa likashuka majini, likazagaa juu ya jiwe. Samaki wakaingia ndani yake wakala.

Akapangusa ukingo wa bakuli kwa kidole, akalaza kijiko ndani, akalipeleka jikoni.

Shemeji alilichungulia, akamtazama usoni, akalichungulia tena. Akaliweka chini na kuanza kupiga makofi, polepole kwanza, kisha kwa nguvu, anacheka na machozi yanamtoka. Fundi akatabasamu, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kumpa.